Kuku Mgeni na Kamba Mguuni: Kiongozi wa Jamii ya Wachache Anapohojiwa

Jioni moja pale Ngamiani, Tanga, barazani kwa kahawa, bao lilisimama katikati ya mchezo. Mwenyekiti wa mtaa mmoja, mtaa sitautaja na yeye sitamtaja, alikuwa ameitisha mkutano wa wananchi na kuufunga bila kusoma hesabu za michango ya taka. Kijana aliyekuwa akitafuna kashata akasema, "Mwenyekiti atuletee risiti." Watu wakaafiki. Mzee mmoja akadakia: "Risiti za nini? Babu yake kashuka na jahazi kutoka Hadhramaut, Uarabuni. Mtu wa kuja mnampa mtaa, halafu mnadai risiti?" Nusu ya baraza ikacheka, nusu ikanyamaza. Mtu wa tatu, nadhani kwa kuona haya, akamgeukia yule kijana wa kashata: "Na wewe acha ubaguzi."

Kijana akabaki na kikombe mkononi. Alichoomba ni risiti tu.

Tukio hilo hunijia kila ninapoona watu wakibishana kwenye simu zao kuhusu Obama, Kamala Harris, Rishi Sunak, au mbunge wa hapa nyumbani mwenye jina la Kihindi au la Kiarabu. Ugomvi huenda njia ileile. Hawa wanasema anayemkosoa kiongozi wa namna hiyo ni mbaguzi, basi. Wale wanasema ubaguzi ni kisingizio, kiongozi ni jalala, kila mmoja anasemwa. Wote wawili wamebeba maswali mawili kwenye kapu moja, na ndiyo maana hawasikilizani.

Tuyatoe kapuni moja moja, tuanze na maneno yenyewe.

Rangi, kwa maana ya mazungumzo haya, si ngozi. Ingekuwa ngozi, nyumba nyingi za Tanga zingekuwa na mbari tatu chini ya paa moja, maana mama mmoja huzaa mweusi ti, mwingine maji ya kunde, na wa mwisho mweupe kama bibi yake. Rangi ni droo, na droo huitengeneza mwenye kabati. Enzi ya mkoloni mwenye kabati alikuwa serikali: kulikuwa na droo ya Mzungu, droo ya Mhindi, droo ya Mwarabu, na droo kubwa chini kabisa ya Mwafrika. Ramani ya mji wetu bado inaonyesha mikwaruzo ya droo hizo. Upepo mzuri wa Raskazoni ulikuwa wa Wazungu, maduka na nyumba za katikati ya mji zikawa za Wahindi kwa sehemu kubwa, na ng'ambo ya reli ndiyo Ngamiani yenye barabara zake za namba, mtaa wa Waafrika. Wanasayansi wa leo watakwambia kuwa binadamu hawagawanyiki kwa mipaka hiyo. Lakini aliyekaa ndani ya droo miaka hamsini habishani na mwanasayansi. Anakumbuka tu funguo alikuwa nazo nani.

Asili ni kitu kingine: ni walikotoka wazazi na mababu. Uraia ni kitu cha tatu, nao ni jambo la sheria, linathibitika kwa karatasi. Mtu anaweza kuwa na asili ya Gujarat na uraia wa Tanzania, kama vile wa pili alivyo na asili ya Unyamwezi na uraia uleule. Vurugu nyingi tunazozisikia huanza pale mtu anaposema "si raia" akiwa na maana ya "asili yake siyo yangu".

Halafu kuna neno wachache. Hili lina mtego, kwa sababu haliishii kwenye hesabu. Wazungu wa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa watu wapatao 20,000 tu kati ya Waafrika zaidi ya milioni 8, wala hakuna aliyewaita wanyonge. Ninaposema kiongozi wa jamii ya wachache hapa namaanisha mtu ambaye akipanda jukwaani, macho ya watu huona kundi lake kwanza, yeye baadaye.

Sasa kuhojiwa. Kiongozi kuhojiwa ni haki ya anayeongozwa, haina msamaha wa rangi. Wana-TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, walikuwa wakiapa kwamba cheo ni dhamana, na dhamana hudaiwa. Kwa hiyo swali la kwanza kapuni ni hili: *umefanya nini na dhamana tuliyokupa?* Swali la pili ni lingine kabisa: *wewe ni nani hata ukae hapo?* La kwanza lina jibu. Leta risiti, yamekwisha. La pili halina risiti ya kulitosha, na ukileta moja utaombwa nyingine.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila mfugaji anaujua ukweli wake: kuku aliyenunuliwa jana hufungwa kamba asipotee wala asirudi alikotoka, na baada ya wiki chache, akishazoea banda, hufunguliwa. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni pale kifaranga aliyeanguliwa palepale uani, mjukuu wa yule kuku mgeni, anapofungwa kamba naye kwa sababu manyoya yake yanafanana na ya bibi yake. Na akidonoa mpunga wa jirani, kama kuku yeyote adonoavyo, watu hawasemi "kuku kadonoa mpunga". Wanasema, "Si tulijua?"

Mfano uliokuzwa kuliko yote duniani kwa miaka ya karibuni ni wa Barack Obama. Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 35 au zaidi, na awe ameishi nchini miaka 14. Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, na Hawaii ilikuwa jimbo kamili la Marekani tangu 1959. Mwaka 2008 timu yake ya kampeni ilitoa hadharani cheti chake cha kuzaliwa. Haikutosha. Ikasemwa kwamba cheti hicho ni kifupi, kiletwe kile kirefu. Aprili 2011, akiwa tayari amekaa ikulu zaidi ya miaka miwili, akatoa kirefu. Nacho hakikutosha kwa wengi. Donald Trump, aliyekuwa miongoni mwa waliolipigia tarumbeta jambo hilo, hakukiri hadharani kuwa Obama kazaliwa Marekani mpaka Septemba 2016, muhula wa pili wa Obama ukielekea ukingoni.

Mtu anaweza kusema, lakini kuuliza mgombea kazaliwa wapi ni swali la kikatiba, kosa liko wapi? Ni kweli, na ndiyo maana inafaa tutazame wengine walivyoulizwa. John McCain, aliyeshindana na Obama mwaka 2008, hakuzaliwa ndani ya jimbo lolote la Marekani. Alizaliwa mwaka 1936 katika eneo la Mfereji wa Panama lililokuwa chini ya Wamarekani, baba yake akiwa askari wa majini. Swali lilizushwa, Seneti ikapitisha azimio la kumtambua, watu wakaendelea na mengine. Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, akagombea uteuzi wa chama chake mwaka 2016. Naye aliulizwa, na aliyemuuliza kwa sauti kubwa ni Trump huyohuyo, kwa hiyo si haki kusema weupe au wenye mwonekano huo hawaguswi kabisa. Tofauti iko kwenye urefu wa kamba. Aliyezaliwa Panama alijibiwa kwa azimio moja. Aliyezaliwa Kanada aliulizwa msimu mmoja wa uchaguzi. Aliyezaliwa Marekani ndani aliulizwa kwa miaka minane.

Na hapa nina neno na sisi wenyewe. Obama aliposhinda, Kenya ilitangaza siku ya mapumziko, na huku kwetu pwani watu walisherehekea kana kwamba kashinda mtoto wa jirani. Baba yake alikuwa Mluo wa Kogelo, tukasema: wetu huyo! Tulisema kwa upendo. Wale waliomchukia kule walisema: wenu huyo. Ukiziweka sentensi hizo mbili kwenye mizani utaona zina uzito uleule, zote zinamtoa mtu Honolulu. Sidhani kama tulilifikiria hilo wakati ule, mimi nikiwemo.

Tulirudia tena Oktoba 2022, Rishi Sunak alipokuwa waziri mkuu wa Uingereza. Habari iliyozunguka kwenye simu za watu ni kwamba mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya, jambo ambalo ni kweli. Yeye mwenyewe kazaliwa Southampton. Sunak ni mfano mzuri kwa sababu unaonyesha upande ambao watetezi wa viongozi wa jamii za wachache hawapendi kuuona, kwamba mara nyingi lawama ni halali tupu. Mapema 2022, akiwa waziri wa fedha, iligundulika kuwa mkewe alikuwa akitumia hadhi ya kikodi iliyomruhusu asilipe Uingereza kodi ya mapato yake ya nje. Waziri anayewapandishia wananchi makato huku nyumbani kwake kuna unafuu wa namna hiyo, akiulizwa ana haki gani ya kulia ubaguzi? Aprili mwaka huohuo alitozwa faini na polisi kwa kuvunja masharti ya korona, yeye na Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, kwa hafla moja. Mwenye asili ya Kihindi na Mzungu, kosa moja, faini moja. Mizani ikisimama sawa, huwa hivyo. Na chama chake kiliposhindwa vibaya Julai 2024 kilikuwa kimekaa madarakani miaka 14, watu wamechoka, bei ziko juu. Anayesema kaangushwa na rangi yake anamvua wajibu wa kazi yake, na mimi naona huko nako ni kumdharau.

Turudi nyumbani, maana kuna watu husema mambo haya ni ya Wazungu, sisi hatuna. Tunayo, tena tuliyajadili kwa uzito kuliko wengi.

Mkoa wa Tanga ulikuwa miongoni mwa yale majimbo yaliyopiga kura awamu ya kwanza, Septemba 1958, katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mpiga kura alipaswa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mhindi, moja kwa Mzungu. Ukiacha mmoja, kura yako yote imeharibika. Na kujiandikisha tu ulihitaji uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Mvuvi wa Deep Sea au manamba wa shamba la mkonge hakuwa na lake. Nyuma ya mpango huo kulikuwa na hesabu ya serikali iliyoyapa makundi matatu viti sawasawa, watu 20,000 wakilingana na watu milioni 8.

TANU ikakutana Tabora, Januari 1958, kuamua isusie au iingie. Wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa na haki. Nyerere akawashawishi waingie, watafute wenyewe Wahindi na Wazungu wanaoamini wanachokiamini TANU na kuwaunga mkono. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, ANC, kilichosimamia Afrika kwa Waafrika. Uchaguzi ulipofanyika, waliosimama na TANU walishinda. Jimbo la Kaskazini, kwa mfano, lilimpeleka barazani Mwafrika Solomon Eliufoo, Mzungu Derek Bryceson, na mama wa asili ya Kihindi, Sophia Mustafa. Mpango uliobuniwa kuwatenganisha watu ukawafanya Waafrika wampime Mhindi na Mzungu kwa swali la kwanza kapuni: unataka kufanya nini? Miaka minne baadaye Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere kuwania urais, akapata kura zisizofika 22,000 nchi nzima.

Lakini tusijisifu mapema. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, muswada wa uraia ulipofika bungeni baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikasirika. Alisema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuweka rangi kuwa kipimo cha uraia, na akawafananisha wanaotaka hivyo na kina Hitler. Muswada ukapita. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba swali la pili, lile la *wewe ni nani*, liliulizwa ndani ya bunge letu wenyewe, na watu waliotoka tu kuwa wahanga wake.

Katiba yetu ya leo imelijibu kwa maneno makavu. Inakataza ubaguzi na inaitaja rangi kwa jina, pamoja na kabila, dini, jinsia na mahali mtu alikotoka. Anayetaka urais lazima awe raia wa kuzaliwa na awe ametimiza miaka 40. Hakuna mahali palipoandikwa awe wa rangi gani.

Uchaguzi wa 1965 ndio naupenda kuliko wote kwa mfano huu. Ulikuwa wa chama kimoja, wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja na alama ya jembe, wa pili na nyumba, na sheria iliwakataza kuomba kura kwa rangi, kabila au dini. Bryceson, Mzungu aliyezaliwa China, alisimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika akashinda. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, akashinda Morogoro. Na Paul Bomani, waziri wa fedha, Mwafrika mwenye jina kubwa, akaangushwa kwao Mwanza. Nafasi yake ya fedha akapewa Jamal. Wapiga kura walikuwa na kapu lenye swali moja tu, wakaamua kwa hilo, au angalau kwa hilo zaidi.

Jamal namfikiria sana kwa sababu ya jambo moja. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na waliopoteza wengi wao walikuwa Wahindi wa mijini, Tanga ikiwemo. Baadhi ya magorofa yale ya katikati ya mji bado yana majina na miaka iliyochorwa juu ya milango na wenye nyumba wa zamani. Waziri mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa ndani ya baraza la mawaziri siku hizo alikuwa wa kutazamwa na macho ya pande mbili. Huku mtu angeuliza kama kweli yuko nasi, kule mtu angeuliza amewezaje kututendea hivi. Kiongozi wa jamii kubwa hukosolewa na wapinzani wake. Kiongozi wa jamii ndogo huweza kukosolewa na wapinzani na kushtakiwa usaliti na ndugu zake, kwa uamuzi mmoja, siku moja. Hili halionekani kwenye takwimu za aina yoyote, ila aliyewahi kuwa mkwe katika familia mbili zinazogombana atalielewa.

Halafu tuna Salim Ahmed Salim. Mzaliwa wa Pemba, balozi akiwa na umri wa miaka 22, waziri mkuu, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Alipoomba CCM imteue kugombea urais mwaka 2005 zilienea kejeli kuhusu asili yake ya Kiarabu na madai kwamba aliwahi kuwa mtu wa Hizbu, chama cha Zanzibar kilichong'olewa na Mapinduzi ya 1964, madai aliyoyakanusha. Kura za mkutano mkuu zilikuwa Kikwete 1,072, Salim 476, Mwandosya 122. Siwezi kusema kejeli hizo ndizo zilizomnyima. Kikwete alikuwa na mtandao mpana na umaarufu wake mwenyewe. Ila jiulize: mtu aliyeisemea Afrika nzima kwa miaka kumi na miwili, aliwezaje kurudi nyumbani akaanza upya kueleza kama yeye ni Mwafrika?

Kuna wanaodhani mambo haya yote ni ya rangi ya ngozi. Zambia itawasahihisha. Kenneth Kaunda alizaliwa humohumo nchini, akapigania uhuru, akaiongoza nchi miaka 27. Wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia wa asili, na kila mtu alijua kifungu kile kimeshonwa kwa vipimo vya nani. Mwaka 1999 mahakama ikatamka kuwa baba wa taifa hilo hana uraia wowote. Baadaye alirudishiwa. Utani wa historia ni kwamba kifungu kilekile kikaja kumkwamisha Mzungu: Guy Scott, mzaliwa wa Livingstone, alikaimu urais Oktoba 2014 baada ya kifo cha Michael Sata, lakini hakuweza kugombea kwa sababu wazazi wake walitoka Uingereza. Mweusi mwenye ngozi sawa na majirani zake na mweupe peke yake barazani walifungwa kamba moja. Kinachotafutwa ni mtu wa kutolewa nje ya boma. Rangi ni alama iliyo rahisi kuonekana kwa mbali, isipokuwepo watachukua lafudhi, jina, kabila la mama.

Mwanamke akiwa wa jamii hizo, kamba huwa mbili. Diane Abbott aliingia bunge la Uingereza mwaka 1987, mwanamke wa kwanza mweusi. Shirika la Amnesty International lilichunguza matusi waliyotumiwa wabunge wanawake kwenye Twita kuelekea uchaguzi wa 2017, likakuta karibu nusu ya yote, katika wiki sita za mwisho, yalimlenga yeye mmoja. Abbott amekosea mambo mengi katika siasa zake, na wapo waliomkosoa vizuri na kwa hoja. Karibu nusu ya matusi ya wabunge wanawake wote kumwangukia mmoja si ukosoaji.

Hoja nyingine inayorudiwa sana ni kwamba akishachaguliwa mtu wa namna hiyo, basi ubaguzi umekwisha, tusiongee tena. Ukichungulia utaona mara nyingi kura ndiyo huwasha moto. Mhindi mwenye duka hamkeri mtu, duka lake tunakopa. Akiomba ujumbe wa serikali ya mtaa ndipo tunakumbuka alikotoka babu yake. Italia ilipompata waziri wake wa kwanza mweusi mwaka 2013, Cécile Kyenge, mzaliwa wa Kongo, alirushiwa ndizi akiwa anahutubia. Kabla hajawa waziri alikuwa daktari wa macho, akiwatibu Waitalia hao bila rabsha.

Na lipo lile la samaki mmoja akioza. Pale Mkwakwani, uwanja wetu wa mpira, mchezaji mzawa akikosa penalti tunashika vichwa: bahati mbaya. Mgeni akikosa, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na msimu ujao tusisajili kutoka nchi ile. Waziri wa kabila kubwa akiiba, kaiba yeye. Waziri wa jamii ndogo akiiba, "hao ndivyo walivyo". Wizi ni wizi wote wawili, ila mmoja kafungwa peke yake na wa pili kafungwa na ukoo mzima.

Tutajuaje basi, mtu akisimama mkutanoni kuuliza, anauliza lipi? Mimi hutumia njia ya kubadili jina. Chukua swali, ondoa jina la mhojiwa, weka jina la Mbondei au Mdigo ambaye babu yake kazikwa hapa. "Risiti za taka ziko wapi?" Swali bado limesimama, tena linauma vilevile. "Babu yake alishuka na jahazi." Swali limeanguka. Tena kwa Tanga linaanguka kwa kishindo, maana mji huu umejengwa na watu wa kuja. Mkonge ulileta Wabena, Waha, Warundi, Wamakonde, Wanyamwezi, kwa treni na kwa miguu, wakiitwa manamba. Waliokuja kwa jahazi walitumia chombo tofauti tu.

Njia hiyo ina tundu, na nililiona palepale barazani. Swali linaweza kuwa safi kabisa kwa maneno yake lakini likawa limehifadhiwa kwa mtu mmoja. Baada ya kimya kile, mama muuza vitumbua aliyekuwa akipita na beseni lake alisimama akauliza mwenyekiti aliyetangulia alisoma hesabu za taka mara ngapi. Watu wakatazamana. Yule alikuwa mwenyeji wa damu, ana makaburi ya mababu zake mji huuhuu. Alikaa vipindi viwili. Hakuna aliyekumbuka akisoma hesabu, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Mzee wa jahazi akatikisa kikombe kuashiria hataki kingine. Kijana wa kashata akatoa simu, akaanza kuandika barua kwa ofisi ya mtaa, akaomba asaidiwe tarehe: anataka risiti za kipindi hiki na za vipindi viwili vilivyopita. Akauliza nani atatia sahihi naye. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa yule aliyemwita mbaguzi. Mzee alichelewa kidogo, akauliza kwanza kama barua itaandikwa "mtu wa kuja" mahali popote. Akaambiwa haimo. Akasema basi wamsomee tena, macho yake hayaoni maandishi madogo.